Bei ya Mashine na Bei ya Mkono: Kuchagua Mashine ya Kuoshea Magari Tabora

Mtu anayetaka kufungua sehemu ya kuoshea magari Tabora, akiingia duka la vifaa, huonyeshwa kwanza mashine yenye namba kubwa ubavuni. Namba hiyo ni ya msukumo wa maji: baa 100, baa 150, baa 250. Muuzaji huisifia mashine kwa namba hiyo, na mnunuzi mwenye mtaji mdogo huhangaika kutafuta hela ya kuifikia ile ya juu. Mimi nasema hiyo ndiyo namba ya mwisho kuitazama. Kabla yake kuna lita za maji kwa dakika, kuna umeme au mafuta itakayokula, na kuna mkono wa kijana atakayeishika kuanzia asubuhi hadi jioni. Mkono huo una bei, na bei hiyo inaweza kupigiwa hesabu kama ya kitu kingine chochote.

Tuanze na baa zenyewe. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa PSI 30 hivi, ambazo ni baa 2. Tairi la lori hufika PSI 120, yaani baa 8. Maji yanayotoka kwenye tundu jembamba huweza kutoboa ngozi ya binadamu yakifikisha PSI 100 tu, chini ya upepo uliomo ndani ya tairi la lori. Mashine ndogo ya umeme ya kuoshea gari la nyumbani inavuka kiwango hicho zaidi ya mara kumi. Kwa hiyo usidanganyike kwamba ipo mashine ya presha ambayo ni ndogo mno kumuumiza mtu.

Kazi ya kuosha magari haikosekani katika mkoa huu. Kuanzia Juni hadi Oktoba ni vumbi, na mvua zikianza Novemba ni tope. Barabara kuu inayotoka Singida kupitia Igunga na Nzega inabeba malori ya Rwanda, Burundi na Kongo, na msimu wa tumbaku huleta magari ya Urambo, Kaliua na Sikonge. Zamani Tabora mjini ilitegemea mabwawa ya Igombe na Kazima. Kisha mradi uliogharimiwa kwa mkopo wa India wa dola milioni 268 ukayafikisha maji ya Ziwa Victoria Tabora, Nzega na Igunga. Palipo na bomba lisilokatika, kivuli cha mwembe na gari chafu, vijana wanne watapata riziki.

Sasa, mashine. Zinazopatikana kwa kawaida ni za aina tatu, na zinatofautiana kuliko bei zake zinavyoonyesha.

Ya kwanza ni ile ya umeme iliyofungwa yote ndani ya boksi moja, yenye msukumo wa baa 100 hadi 130 na maji ya lita 6 hadi 8 kwa dakika. Ya pili ni ya petroli, injini yake iko wazi juu ya fremu yenye magurudumu, na msukumo wake huanzia baa 150 na kupanda hadi 250. Ya tatu haina boksi wala sura ya kupendeza: ni pampu ya pistoni tatu inayozungushwa na mkanda kutoka kwenye mota au injini ndogo, ile ile ambayo wakulima huitumia kunyunyizia dawa shambani. Hii ya tatu inasukuma kwa baa 20 hadi 35 hivi, lakini maji yake ni mengi, lita 30 kwa dakika au zaidi kutegemea ukubwa wa pampu.

Wengi huidharau hii pampu ya mkanda kwa sababu namba ya baa ni ndogo. Ukitazama kazi inayofanywa, dharau hiyo haina msingi. Tope la mfinyanzi lililoganda chini ya lori huondolewa na wingi wa maji kuliko ukali wake. Maji makali na membamba hukata mstari mmoja safi kwenye tope na kuacha pembeni, na kijana hulazimika kusogea karibu, kupita hapo hapo mara tatu, akiwa amechuchumaa huku bomba la maji likiwa sentimita chache kutoka kwenye goti lake. Kwa malori ya Nzega na Igunga, pampu ya mkanda ndiyo yangu. Hasara yake ni maji: dakika 10 za kufyatua ni lita 300, wakati mashine ya umeme ya boksi ingetumia lita 70. Mwenye bomba lenye mita aweke tofauti hiyo kwenye hesabu zake, na mwenye gari dogo la kuosha hana sababu ya kumwaga lita 300.

Kwenye nishati ndipo hesabu inapozungumza yenyewe. Chukua mashine ya boksi ya kilowati 1.8. Bei ya TANESCO ya matumizi ya kawaida ni shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na ukijumlisha kila kitu inakuja kama shilingi 356 kwa uniti. Saa moja ya kufyatua ni shilingi 640 hivi. Injini ndogo ya petroli inayobeba mzigo hunywa kama lita moja na nusu kwa saa. Bei ya petroli hubadilika kila mwezi kwa tangazo la EWURA, lakini tukiweka shilingi 3,000 kwa lita, saa hiyo hiyo inakula shilingi 4,500. Kwa siku yenye saa 5 za kufyatua, umeme ni shilingi 3,200 na petroli ni 22,500. Tofauti ni shilingi 19,300 kwa siku. Shika namba hiyo, nitairudia.

Mwenye petroli atasema umeme hukatika. Ni kweli, na mahali pasipo na nguzo hakuna la kuchagua. Lakini petroli ina gharama nyingine. Nimeona mashine ya namna hii ikiwashwa ndani ya kibanda cha mabati ili isiibwe wala kunyeshewa, moshi ukitoka kwa tundu la mlango tu. Injini ya petroli hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na mtu hupoteza fahamu kabla hajajua anavuta nini. Mashine ya petroli ikae nje, mbali na dirisha la mtu, hata kama hiyo ina maana ya kuifunga kwa mnyororo kwenye mti.

Umeme nao unaua, tena haraka. Volti 230, miguu ndani ya dimbwi, na ekstensheni iliyoungwa kwa solotepu ikilala kwenye maji yale yale: hiyo ni picha ya kawaida kwenye sehemu nyingi za kuosha magari. Breka ya kawaida hailindi mtu. Inalinda waya usiungue. Inayomlinda mtu ni breka ya kuvuja umeme, ile yenye kitufe cha kujaribia, inayokata mara tu miliampea 30 zinapopotea njia. Ninayemshauri anunue mashine ya umeme namwambia breka hiyo ni sehemu ya bei ya mashine, pamoja na waya wa ethi uliofungwa na fundi umeme anayejua kazi. Asiyeweza kulipia vyote viwili bado hajafikia uwezo wa kununua mashine ya umeme.

Nimefika kwenye jeraha ambalo watu hawalijui, na hapa naomba uvumilivu, maana ndilo lililonifanya niandike.

Jioni kazi ikiisha, kijana huwa ametapakaa tope hadi magotini. Yuko na ndala, au peku. Bunduki ya maji iko mkononi na mashine bado inanguruma. Anafanya jambo linaloonekana la kawaida kabisa: anaelekeza bunduki miguuni ajisafishe. Akiisogeza karibu kidogo kuliko alivyokusudia, au nozeli ikiwa ile nyembamba, maji yanaingia ndani ya mguu. Wengine huumia kwenye kidole cha shahada, kwa kuziba nozeli ili wajue kama imeziba, au kwa kupapasa mpira wanapohisi unavuja.

Anachokiona ni kitundu kama cha sindano. Damu ni tone moja. Maumivu mwanzoni si makubwa. Anacheka, anafunga kitambaa, anaondoka. Ndani, maji yamekimbia kwenye mfereji wa kano kutoka ncha ya kidole hadi kiganjani, pengine hadi kwenye mkono wa chini, yakibeba tope, sabuni na vijidudu vya dimbwi. Sehemu inavimba kutoka ndani, mishipa ya damu inabanwa, na usiku ndipo maumivu yanapokuja. Kufikia asubuhi kidole kimekuwa cheupe au cheusi.

Madaktari wanalijua jeraha hili tangu mwaka 1937, lilipoelezwa kwa mara ya kwanza kwa mtu aliyeingiwa na mafuta ya injini ya dizeli. Mwaka 2006 madaktari wawili wa Marekani walikusanya taarifa za watu 435 waliodungwa mkononi na vimiminika vya msukumo mkubwa, na karibu theluthi moja walikatwa kiungo. Maji matupu yana nafuu: hayali nyama kama rangi, grisi au petroli. Ila sehemu zetu za kuosha hazitumii maji matupu siku zote. Injini husafishwa kwa dizeli au mafuta ya taa, na anayedungwa na mchanganyiko huo yuko kwenye kundi baya zaidi, ambalo saa 6 za mwanzo ndizo zinazoamua mengi.

Hivyo, kitundu chochote kilichotokana na maji ya presha kinapelekwa hospitali siku hiyo hiyo, hata kama hakiumi. Kwa aliye Tabora mjini ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete, na kwa aliye Igunga ipo Hospitali ya Nkinga, inayojulikana mkoani kwa upasuaji. Mgonjwa asikae foleni akisema ana kidonda kidogo. Aseme: nimedungwa na mashine ya presha, ilikuwa baa kadhaa, ndani yake kulikuwa na maji, au dizeli, au sabuni. Maneno hayo ndiyo yatakayomfanya daktari afikirie kufungua mkono na kuusafisha, badala ya kuandika dawa ya maumivu. Mkono uinuliwe juu, usifungwe kwa kukazwa, na asile kitu mpaka aonwe, kwa sababu huenda akahitaji usingizi wa upasuaji.

Kinga ya jeraha hili ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, na sehemu kubwa yake haina bei. Nozeli zinazouzwa na mashine zina rangi. Nyekundu hutoa maji kama mshale, digrii 0. Njano ni 15, kijani ni 25, nyeupe ni 40, na nyeusi ni ya sabuni. Gari lolote linaoshwa na kijani au nyeupe. Nyekundu itupwe siku mashine inapofika, pamoja na ile inayozunguka ambayo huuzwa kwa jina la tabo, maana nayo ni mshale ule ule unaozungushwa. Mtu asifunge kifyatuo kwa raba ili kisimchoshe kidole, kwa sababu bunduki ikimponyoka itaruka huku na huko ikimwaga. Ukizima mashine, fyatua kwanza hewani mpaka mpira ulegee ndipo ufungue nati, kwa kuwa msukumo hubaki ndani hata injini ikinyamaza. Na ndoo ya maji ya kunawia miguu iwepo, imejaa, kabla watu hawajamaliza kazi.

Kwenye pampu ya mkanda hatari kubwa iko kwingine. Mkanda ule unazunguka wazi, na unakamata kidole, leso au pindo la shati. Kipande cha wavu wa chuma kilichokunjwa na fundi wa kuchomelea kinatosha kuufunika. Sijawahi kuelewa kwa nini pampu hizi huuzwa bila kifuniko, na mnunuzi ana haki ya kukidai kabla ya kutoa hela.

Vifaa vya kuvaa vinunuliwe kwa macho wazi. Gambuti, miwani ya kukinga na aproni ya plastiki vinazuia kokoto zinazorushwa, sabuni kali na kuteleza. Hakuna gambuti ya kawaida wala glavu ya mpira itakayozuia maji ya baa 100 yakielekezwa karibu, na muuzaji anayekuambia vinginevyo anakupotosha. Miwani ndiyo ningeanza nayo, kwa sababu jicho halina mbadala. Kwa anayeosha juu ya malori, fimbo ndefu ya bunduki, inayomwezesha kusimama chini, ina thamani kuliko vifaa vyote vya kuvaa: bunduki ya presha humsukuma nyuma anayeishika, na juu ya tangi lenye sabuni hakuna pa kujishikia.

Wenye mtaji mdogo hununua mashine iliyotumika, na mimi siwalaumu. Watazame mpira kwanza. Mpira uliofungwa vipande vya tyubu ya baiskeli umeshapasuka ndani, na wenye waya wa chuma unaochungulia uko njiani. Tafuta mahali unapovuja kwa kupitisha kipande cha boksi la karatasi, kamwe usipapase kwa kiganja. Bei ya mpira mpya iingizwe kwenye mapatano kabla hujakubali bei ya mashine.

Kabla ya kurudi kwenye zile shilingi 19,300, tutazame nani alibeba gharama ya mfanyakazi kuumia zamani, na nani anaibeba leo.

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Ugogo hadi Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, na kutoka hapa hadi Ujiji, ilitembea kwa mabega ya wapagazi, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi, karibu kilo 32. Mpagazi alilipwa vitambaa na posho. Akiugua njiani, hasara ilikuwa yake. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora hii, Novemba 1857, aliandika juu ya wapagazi waliokufa kwa ndui kando ya njia. Leo ipo sheria. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ni ya mwaka 2008, na Mfuko wake, WCF, ulianza kazi Julai 2015. Mwajiri ndiye anayechangia, mfanyakazi hakatwi. Sekta binafsi ilianza kwa asilimia 1 ya mishahara, ikashuka hadi 0.6 mwaka 2021, na tangu Julai 2022 ni asilimia 0.5.

Tuseme una vijana wanne na kila mmoja unamlipa shilingi 300,000 kwa mwezi. Mishahara yote ni 1,200,000. Mchango ni shilingi 6,000 kwa mwezi, 72,000 kwa mwaka. Kijana mmoja akiumia mkono akashindwa kazi, Mfuko hugharimia matibabu na humlipa asilimia 70 ya kipato chake, yaani 210,000 kwa mwezi, hadi miezi 24. Ikifika huko ni shilingi 5,040,000, bila kuhesabu upasuaji. Akibaki na ulemavu wa kudumu unaozidi asilimia 30 anapata pensheni, na chini ya hapo hulipwa kwa mkupuo. Bila mchango huo, mzigo wote unarudi kwako, au, kama inavyotokea mara nyingi, unaishia kwa mama yake kijijini.

Sasa zile shilingi 19,300: tofauti ya umeme na petroli kwa siku 4 ni shilingi 77,200. Siku 4 za kazi zinalipia ulinzi wa vijana wanne kwa mwaka mzima, na kinachobaki kinasogea kwenye miwani. Ndiyo maana sikubali mtu anaponiambia biashara ndogo haimudu fidia. Hela ya kumlinda kijana ilikuwepo dukani, ikatumika kununua baa ambazo gari halikuzihitaji.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 nayo inamtaka mwajiri atoe vifaa kinga bila kumkata mfanyakazi, na asajili eneo la kazi kwa wakala wa usalama kazini, OSHA. Ajali ikitokea, mfanyakazi amwambie mwajiri mapema, na mwajiri apeleke taarifa WCF ndani ya siku 7. Andika siku hiyo hiyo tarehe, saa, mashine iliyohusika na jina la aliyeshuhudia.

Kipo kipengele kimoja kinachosumbua zaidi mkoani kwetu. Vijana wengi hawalipwi mshahara. Wanaikodi mashine, wanampelekea mwenye mali hesabu ya jioni, wanabaki na kilichozidi. Mwenye mashine atasema hao si waajiriwa wake. Mkataba wa maandishi haulazimiki ili mtu ahesabiwe kuwa mfanyakazi, na anayepangiwa saa, bei na mahali pa kusimama ana hoja ya kuipeleka ofisi ya kazi. Lakini kijana aliye kwenye hesabu asisubiri mabishano yaje akiwa wodini. Kabla ya kushika bunduki siku ya kwanza, amuulize mwenye mashine mbele ya mtu wa tatu: nikiumia, nani analipa hospitali, na hesabu inasimama siku ngapi? Majibu yaandikwe kwenye daftari lile lile la hesabu, wote wawili waweke sahihi. Mwenye mashine anayekataa kuandika ameshatoa jibu, na hapo mjini wapo wengine wanaokodisha.